Jina ni la Karai

Siku ile Ritha alikwenda Segese kusherehekea, na ndiyo maana mshtuko ulimkuta vibaya. Mtu akitoka nyumbani na wasiwasi wake, habari mbaya humkuta amekwisha jikaza. Yeye alitoka Shinyanga na katoni za sabuni kwenye buti la gari la mradi, mifuko ya sukari kiti cha nyuma, na pambio la kwaya mdomoni ambalo hakujua hata alilianzia wapi.

Haki ya kuimba alikuwa nayo. Alikuwa mwalimu wa chuo, anafundisha utafiti wa takwimu, somo ambalo wanafunzi hulikimbia kama ukoma, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na matokeo ambayo watu wakubwa walitaka kuyasikia. Keshokutwa angesimama mbele ya wafadhili na madiwani, awape habari njema kwamba zebaki inaweza kudhibitiwa.

Zebaki ni ile dawa nzito inayong'aa ambayo waosha dhahabu huichanganya na mchanga uliosagwa ili ikamate punje za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa motoni, zebaki ikapaa, dhahabu ikabaki. Hiyo inayopaa haiendi mbinguni; inaingia vifuani mwa watu. Mradi wa akina Ritha ulipeleka vyungu vya chuma vyenye mfuniko, vinavyoukamata moshi huo, kwenye mwalo mmoja wa Segese, yaani mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Ritha aliwapima mkojo wanawake wa pale kabla vyungu havijaletwa, na baada ya mwaka wakapimwa tena. Zebaki ilikuwa imeporomoka.

Na kilichowafurahisha wenye mradi kuliko yote ni kwamba hakuna mwanamke hata mmoja aliyekosekana kwenye kipimo cha pili. Dokta Bartholomeo, mkuu wa mradi, alimpigia simu akicheka. "Ritha, hao wanawake uliwafunga kamba?" Kwenye mwalo wa kulinganisha, upande wa Geita, ambako vyungu havikupelekwa, nusu ya watu walikuwa wamehama kufuata rashi, maana kule uvumi wa dhahabu mpya ukivuma, kijiji kizima huondoka ugali ungali jikoni. Segese walitimia wote. Ritha aliona fahari. Alidhani ni matunda ya kuongea na watu vizuri.

Angejiuliza, mwanamke yule! Darasani alikuwa hodari wa kujiuliza. "Utafiti una wezi wake," aliwaambia wanafunzi kila mwaka, huku akipigapiga ubao. "Mwizi mmoja ni muda, watu wanabadilika wenyewe wewe ukadhani umewabadilisha. Mwingine ni kipimo chenyewe, mtu akijua anapimwa anajitia adabu. Lakini mwizi mkubwa ni yule anayeondoka na watu. Ukirudi ukakuta walioumia wamekwenda zao na wazima wamebaki, utasema dawa imeponya, kumbe hukuponya mtu." Wanafunzi waliandika. Yeye alifuta ubao akaenda kunywa chai. Mganga hajigangi.

Furaha yake ilikuwa na sababu nyingine, nayo ilikuwa ya damu. Mdogo wake, Mbuke, alikuwa akifanya kazi kwenye mwalo ule ule. Mbuke aliolewa hapo hapo kwao Tinde, akakaa miaka bila mtoto, akala maneno ya mawifi mpaka akashiba, kisha yeye na mumewe Charles wakahamia Segese kutafuta riziki. Huko huko machimboni mimba ikaingia. Familia nzima ililia kwa furaha. Ila Charles aliingiwa na hofu, akamtaka mkewe aache kazi, na Mbuke akampigia dada yake simu.

"Dada, wewe ndiye uliyesoma. Eti zebaki inamfuata mtoto tumboni. Niache?"

Ritha alikuwa na matokeo mezani, bado ya moto. "Usiache kwa woga wa kusikia. Mwalo huo umepimwa, nimeupima mimi. Zebaki imeshuka, na namba hazidanganyi. Fanya kazi, mdogo wangu."

"Wabeja, dada," Mbuke alisema, akashukuru mara mbili, na akarudi kazini.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa Ritha alipoegesha gari kando ya mwalo, asubuhi, jua likiwa bado na huruma. Karasha zilikuwa zikisaga mawe kwa kelele za kutoboa masikio. Wanawake waliinamia makarai yao, mikono ndani ya tope la kijivu mpaka viwikoni, wakichanganya. Ritha alimwona Mbuke kwa mbali, khanga imefungwa juu ya tumbo lililoanza kujitangaza, akataka kumwita. Aliwahiwa. Msimamizi wa mwalo, Benjamini, mwanamume mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alipaza sauti kutoka kwenye karasha.

"Mama Ndaki! Mzigo wako tayari!"

"Abee!" Mbuke akaitika, akainuka.

Ritha akacheka. "Mbuke! Umeanza kuitwa mama hata mtoto hajatoka?"

"Shikamoo, dada!" Mbuke alimkumbatia kwa viwiko, mikono ikiwa na tope. "Hapa ndilo jina langu. Mimi ndiye Mama Ndaki."

"Marahaba. Tangu lini?"

"Tangu nilipokaa kwenye karai hili."

Ritha aliendelea kutabasamu, ila tabasamu lilibaki mdomoni peke yake. Mama Ndaki alimkumbuka vizuri. Kipimo cha kwanza alikichukua kwa mikono yake mwenyewe, na Mama Ndaki alikuwa mwanamke mnene wa Ushirombo, mwenye mwanya, aliyempokonya kichupa akasema mbele ya watu, "Mwalimu, mkojo wangu mkiuuza mtanigawia?" Mwalo mzima ulicheka siku ile. Kipimo cha pili Ritha hakuwepo. Alikuwa masomoni, wakaenda vijana wa kukusanya takwimu.

"Mama Ndaki mwenyewe yuko wapi?"

"Aliondoka. Ndiyo nikapata nafasi."

Ritha akageukia yale makarai mengine. "Mama Kulwa yupo?"

"Abee!" akaitika binti mwembamba mwenye nywele za kusuka. Mama Kulwa aliyempima Ritha alikuwa mtu mzima, mwenye bukta ya mwanawe ndani ya sketi na kikohozi kisichoisha.

"Mama Maganga?"

"Abee, dada!" Sura ngeni.

Aliita jina baada ya jina, sauti ikizidi kupanda. Kila jina liliitikiwa kwa adabu, na kila alipotazama alikuta mtu ambaye hajapata kumwona. Sura alizozijua zilikuwa mbili tatu.

"Sasa kwa nini mnaitika?" alifoka. "Kwa nini mnaitika majina yasiyo yenu?"

Wanawake wakaacha kuchanganya. Wengine walidhani mwalimu amepandwa na mapepo. Benjamini alikuja mbio, akijifuta vumbi usoni kwa mkono wa shati.

"Mwangaluka, mwalimu," alimwamkia. "Kuna nini?"

"Hawa si watu wangu, Benjamini."

"Ni watu wako. Wote wapo, hakuna aliyepungua."

"Huyu ni Mbuke! Nimezaliwa naye! Huyu si Mama Ndaki!"

Benjamini alimtazama kwa mshangao wa kweli, mshangao wa mtu anayeulizwa kwa nini mvua inatoka juu. "Jina ni la karai, mwalimu. Si la mtu. Mama aliyelianzishia karai bahati, jina lake linabaki hapo. Akiondoka, anayekaa anarithi vyote, karai, mzigo, na jina. Ukileta jina geni dhahabu inashtuka, inakimbia. Mbona hata nyumbani mtu akirithi mji wa marehemu anaitwa kwa jina la mwenye mji? Hulijui hilo, nawe ni mtu wa Tinde?"

Alilijua. Hapo ndipo palipomchoma. Babu yake aliitwa kwa jina la kaka yake marehemu mpaka anazikwa, na Ritha hakuliona kuwa jambo la ajabu. Alilijua nyumbani, akalisahau kazini. Majina kamili hakuyaandika, kwa sababu wachimbaji huogopa kuandikwa na maadili ya utafiti yanataka siri. Akaona busara kila mwanamke apewe namba na aitwe jina analoitwa pale pale mwaloni.

"Vijana wangu walipokuja na vichupa?" aliuliza, na sasa sauti ilikuwa ndogo.

"Waliita majina, wenye majina wakaitika. Tena niliwakazania asikosekane mtu," Benjamini alisema kwa fahari, "tusije tukakuaibisha."

Ritha alikaa juu ya gunia la mchanga bila kutazama kama ni kavu. Alikuwa kama mchungaji aliyehesabu ng'ombe zizini, akaridhika idadi imetimia, kumbe walio wake wameondoka na walioko ndani ni wa jirani. Zebaki haikushuka mwilini mwa mtu. Watu ndio waliobadilishwa.

"Wale wa kwanza wameenda wapi?"

"Wengine rashi," Benjamini akasema, kisha akasita. "Lakini si wengi, mwalimu, nisikudanganye. Karai linalopata, nani mwenye afya yake aliache? Anayeliacha ni yule ambaye mwili umemkatalia. Mikono inatetemeka, kichwa hakitulii, anasahau. Anarudi kwao. Mama Ndaki yuko kwao Ushirombo. Mama Kulwa…" Alishusha sauti. "Mama Kulwa amepumzika."

Mungu wangu. Miezi yote hii Ritha alikuwa akishangilia kuporomoka kwa zebaki, na kumbe kila hatua ya kuporomoka kule ilikuwa ni mtu aliyeanguka.

"Dada, mbona unanitazama hivyo?" Mbuke aliuliza.

"Wewe nawe uliwapa mkojo?"

"Niliwapa. Nilidhani ni watu wa afya tu wa halmashauri. Ndiyo kwanza nilikuwa nimefika, hata kuchanganya nilikuwa sijui vizuri. Wakaita Mama Ndaki, nikaenda. Mimba ilikuwa bado."

Ritha alifumba macho. Alikumbuka ile simu. Mdogo wake alikuwa ameuliza kama pale ni salama, yeye akatazama matokeo mezani, na katika matokeo yale kulikuwa na mkojo safi wa huyo huyo Mbuke, mgeni wa mwalo, mwili ambao zebaki ilikuwa haijaujua. Huo ndio uliojibu. Na tangu siku ile Mbuke aliendelea kuchanganya, mimba ikikua, kwa sababu dada yake aliyesoma amesema.

"Nawa mikono," alisema. "Nawa vizuri, na sabuni. Tunakwenda Ushirombo."

"Na karai je?"

"Nenda tu," Benjamini akasema kwa wema. "Karai halikosi mtu."

Walipita Kahama bila kusimama. Mbuke, asiyejua lolote, alisimulia habari za Charles, za jina la mtoto, za mama mkwe ambaye siku hizi anapiga simu kila asubuhi kuulizia tumbo. Ritha alishika usukani na kuitikia "mm" na "ee". Mara mbili alifungua mdomo amwambie, mara mbili akaufunga.

Nyumba ya kina Mama Ndaki waliipata kwa kuuliza, nyuma ya misheni ya zamani. Jina lake la kuzaliwa, waliambiwa na jirani, ni Sikujua. Alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini mwa ukuta, na Ritha alimpita kwa macho akimtafuta mwanamke mnene. Alimtambua kwa mwanya. Kilichobaki kilikuwa nusu ya mtu. Mikono yake ilikuwa ikicheza mapajani yenyewe, bila ruhusa, haitulii hata kidogo, na mama yake, kikongwe mwenye mgongo ulionyooka bado, alikuwa akimlisha uji kwa kijiko.

"Kumbe ni mwalimu wa vichupa!" Sikujua alisema. Maneno yalitoka polepole, yakigongana. "Mkojo wangu… mmeuuza bei gani?"

Alicheka peke yake. Ritha alipiga magoti kwenye mkeka akamshika ile mikono miwili, akidhani akiishika itatulia. Haikutulia. Mtetemo ulipanda mpaka kwenye viwiko vyake mwenyewe, na hapo machozi yakamtoka.

"Nilikungoja," Sikujua akasema. "Ulisema kuna majibu."

Yalikuwepo. Majibu ya kipimo cha kwanza yalitoka mapema kabisa, na Ritha aliyakalia kwa makusudi. Mtu akijua zebaki yake iko juu ataanza kujihadhari, na hapo hutajua tena kilichomsaidia ni chungu au ni woga. Vitabu vinasema hivyo, na yeye, kwa kuulinda utafiti wake na wezi, aliamua majibu yote yatolewe mwisho, baada ya kipimo cha pili. Wakubwa walimsifu kwa umakini huo.

"Ilikuwa juu?" Sikujua aliuliza.

"Ilikuwa juu."

"Sana?"

Ritha angeweza kusema uongo mdogo, wa kumfariji mgonjwa. "Kuliko wote pale."

Sikujua aliitazama mikono yake kama mali ya mtu mwingine iliyosahauliwa mapajani pake. "Ungeniambia ningeacha," alisema. Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira.

Kikongwe aliweka bakuli chini. "Ulijua?" alimuuliza Ritha. "Mwanangu anaondoka nyumbani anakwenda kuchanganya ile sumu, na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

Kikongwe hakumfukuza, hakumlaani. Aliokota bakuli, akakoroga uji, akaendelea kulisha. Ritha angependa kufukuzwa.

Nyuma yake kivuli kilisogea. Mbuke alikuwa amesimama wakati wote huo, mkono juu ya tumbo, na sasa uso wake ulikuwa umebadilika. Hakusoma sana Mbuke, lakini mjinga hakuwa.

"Dada. Nilipokuuliza kwenye simu, ulisema umepima."

"Nilisema."

"Ulimpima nani?"

Ritha aligeuka akiwa bado amepiga magoti. "Nilikupima wewe."

"Mimi?"

"Wewe na wenzako wageni. Wale wa zamani walikuwa wamekwisha ondoka, nami sikujua. Mkojo wako wa siku zile za mwanzo ndio uliosema mwalo ni salama."

Mbuke alicheka, kicheko kifupi kilichomtisha Ritha kuliko kilio. "Kwa hiyo nilijijibu mwenyewe."

"Mbuke…"

"Nilikupigia wewe simu. Charles alinikataza, mimi nikamwambia, dada amesoma, dada amepima. Nimemgombeza mume wangu kwa ajili ya maneno yako." Alikaa chini ukutani, kando ya Sikujua. Akaitazama ile mikono inayocheza. Kisha akanyoosha yake mwenyewe mbele ya macho, vidole vimetanuliwa, akaingoja. Ritha naye aliingoja. Ilitulia. Mbuke alizidi kuitazama, hakuishusha.

Simu Ritha aliipiga hapo hapo nje, akizungukazunguka uani kati ya kuku.

"Dokta, matokeo ya Segese si halali. Yafute."

"Mashine imeharibika?" Dokta Bartholomeo aliuliza.

"Mashine ni nzima. Watu ndio si wale." Alimweleza, na alipokuwa akieleza alisikia kule upande wa pili kiti kikisukumwa, mtu akisimama.

"Yesu wangu," dokta alisema. Kisha, "Ritha, wageni wanatua Mwanza kesho. Ukisema hivi vyungu vitarudishwa stoo. Na huenda vyungu vinafaa!"

"Huenda. Hatujui. Hilo ndilo nitakalosema, kwamba hatujui."

"Unajua unachokitupa?"

"Najua. Nimekaa naye hapa, analishwa uji."

Dokta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepigwa na jambo zito ghafla. Alihema. "Hao wa kwanza, ni wangapi wako hai?"

"Hata hilo sijui. Nitawatafuta mmoja mmoja. Kwa majina waliyopewa na mama zao."

Walilala hapo hapo kwa kina Sikujua. Asubuhi, Ritha aliahidi kumpeleka Sikujua hospitali ya rufaa, na kikongwe akasema ataamini akiliona gari limerudi kumchukua. Walipopita Kahama waliingia hospitali. Mbuke akatoa mkojo na damu, akaulizwa maswali mengi. Nesi akawaambia sampuli zitapelekwa mbali, majibu yatachukua muda, na mtoto ataangaliwa kila kliniki. Hakuwatisha, hakuwatuliza. Mbuke alitoka na kipande cha pamba mkononi.

"Haya majibu," alisema bila kumtazama dada yake, "yakitoka unaniambia siku hiyo hiyo. Hata kama yanaharibu kitu chako."

"Siku hiyo hiyo."

Wakashika njia ya Segese. Mbuke alitaka kuchukua nguo zake na ndala alizoziacha mwaloni, arudi Tinde. Ritha alitaka kusimama mbele ya wanawake wale na kuwaambia, kabla hajawaambia madiwani.

Karasha zilikuwa zikinguruma vile vile. Katoni za sabuni alizozishusha jana kabla ya kuondoka zilikuwa zimefunguliwa, na wanawake walimpungia mikono kwa shukrani, na kila mkono uliopungwa ulimchoma. Mbuke alikuwa amekwenda nyuma ya banda kutafuta ndala zake. Ritha alimwona Benjamini, akaomba karasha zizimwe kidogo, na zilipozimwa aliangaza huku na huku, akamkosa mdogo wake. Akaita. Ulimi ukamteleza, ukatoa jina la mahali pale.

"Mama Ndaki!"

"Abee!" Mbuke akaitika kutoka nyuma ya banda.

"Abee!" ikaitika sauti nyingine, mbele yake.

Ritha akatazama chini. Kwenye karai la mdogo wake alikuwa amekaa binti ambaye hajamaliza hata kuota kifua vizuri, khanga mpya, mikono ndani ya tope mpaka viwikoni. Alikuwa akimtazama Ritha kwa heshima, akingoja kutumwa.

"Wewe nani?"

"Mama Ndaki."

"Jina ulilopewa na mama yako."

Binti alimtupia Benjamini jicho, kama aliyeombwa avue nguo mbele za watu. "Suzana," alinong'ona.

"Umeanza lini?"

"Leo."

"Hujaogopa zebaki?"

"Niliogopa." Suzana alitabasamu, akataka kumtoa mgeni wasiwasi. "Lakini wameniambia hapa ni salama. Kuna dada mmoja wa Shinyanga, msomi, alipima watu wote."

Mbuke alikuwa amefika, ndala mkononi. Ritha alipiga magoti kwenye tope, akamshika Suzana vifundo vya mikono, akaitoa mikono ile kutoka kwenye karai, ikichuruzika.

"Dada huyo ni mimi," alisema. "Nilipima makarai, Suzana. Watu sikuwapima."